Lipa Ada Kabla Hujalipa Kilemba

Kila inapofika Julai, steshenari ya ndugu yangu hapa Gerezani, Kariakoo, hujaa. Nje mafundi wanagonga vyuma tangu asubuhi, ndani mashine ya kopi haipoi, na kwenye benchi wamebanana wazazi na watoto wao wakingoja zamu ya kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Mimi huenda kumpa ndugu yangu mkono. Ukikaa pale wiki mbili unajua kinachowasumbua watu kuliko ukisoma magazeti mwaka mzima.

Msimu mmoja aliingia baba mwenye bahasha ya kaki kwapani, mgongo umenyooka kama yuko gwarideni. Nikamwamkia, "Shikamoo afande," maana mwendo ulishamtaja.

"Marahaba, mwanangu." Akavuta kiti, akatoa hati yake ya kumaliza utumishi jeshini iliyofungwa kwenye nailoni, akailaza mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto. "Nimetumikia miaka ishirini na minne. Huyu binti yangu amefaulu kidato cha sita. Nimesikia Marekani askari akimaliza kazi, serikali inalipa chuo. Kwetu hapa fomu yake ni ipi?"

Ilibidi nimjibu ukweli: fomu hiyo haipo. Tanzania haina mfuko maalumu unaomlipia askari mstaafu au mwanawe ada ya chuo kwa sababu tu alivaa gwanda. Lakini nilimwambia pia kwamba bahasha yake si tupu. Kuna mkupuo, yaani fedha ya kustaafu inayolipwa mara moja, kuna pensheni, kuna Bodi ya Mikopo, kuna vyuo vinavyopokea watu wazima. Vitu hivi vikipangwa kwa zamu yake, binti atasoma. Vikivurugwa, miezi kumi na minane inatosha kuvimaliza vyote. Makala haya ni yale niliyomweleza siku ile, na ambayo nimekuwa nikiyarudia kwa wengine tangu hapo.

Deni la zamani

Swali la afande lina mizizi mirefu kwenye ardhi hii tunayokanyaga. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikipigisha kambi hapa baada ya kuuteka mji huu wa Dar es Salaam mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, homa na mizigo, na wengi wao mishahara yao haikuwafikia ndugu zao. Vita vya pili vya dunia viliwachukua tena vijana wa mitaa hii. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walikwenda Burma wakiwa askari wa King's African Rifles, wakarudi, na mwaka 1954 wakawa miongoni mwa waasisi wa chama cha TANU.

Katika vita hivyohivyo, tarehe 22 Juni 1944, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alitia saini sheria ya kuwasomesha askari wanaorudi nyumbani. Zaidi ya milioni mbili waliingia vyuoni kwa fedha hizo. Askari wawili walipigana upande mmoja wa vita, mmoja akapewa chuo, mwingine akaambiwa ahsante.

Naamini nchi yetu ingeweza kuwa na mpango wa namna hiyo, na wastaafu wana haki ya kuudai kupitia vyama vyao na wabunge wao. Lakini dirisha la maombi ya chuo halingoji Bunge. Wakati sheria haijaja, kila familia ya askari inapaswa kujitungia mpango wake yenyewe, mezani, kwa kalamu.

Kilemba cha baba yangu

Nayasema haya kwa sababu kwetu yalitukuta. Baba yangu alistaafu jeshi nikiwa kidato cha pili. Mkupuo ulipoingia benki, ndani ya wiki tatu alikuwa ameshalipa kilemba cha fremu, yaani fedha ya kuachiwa chumba cha duka, hapa Kariakoo kwenye mtaa ambao hata mgeni wa Dar es Salaam anaujua kwa biashara. Aliyepokea kilemba hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji aliyekuwa anadaiwa, naye akatoweka. Mwenye nyumba alipokuja, baba hakuwa na mkataba wa kumwonyesha. Dada yangu mkubwa alikuwa ameshapata nafasi ya chuo mwaka ule. Barua ya udahili ilikaa juu ya kabati, ikapauka, naye akakaa nyumbani miaka miwili.

Baba hakuwa mjinga. Aliamua kama wanavyoamua askari wengi: mtu aliyezoea kupokea mshahara kila mwezi anapoona fedha nyingi mara moja, anataka haraka kuigeuza kuwa kitu kinachozaa kila siku. Na Kariakoo iko pale, inang'aa. Kosa lilikuwa la mpangilio. Ada ina tarehe na biashara haina. Chenye tarehe ndicho kinachotangulia.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, na ndiyo mzizi wa yote yanayofuata: mkupuo ukiingia, utenge ada ya miaka yote ya watoto wote kabla hujagusa kilemba, kiwanja wala gari. Kinachobaki ndicho mtaji.

Piga hesabu kwa mihula

Wastaafu wa jeshi hulipwa na Hazina: kwanza mkupuo, kisha pensheni ya kila mwezi. Aliyetoka kabla ya kufikisha muda wa pensheni anaweza kutoka na mkupuo peke yake, na huyo ndiye anayehitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hana cha mwezi ujao. Kazi ya kwanza, basi, ni kujua una nini. Chukua karatasi, uandike mkupuo upande mmoja na pensheni upande wa pili.

Kisha andika watoto. Tuseme una watatu: mkubwa anaingia chuo, wa pili yuko kidato cha tatu, wa mwisho yuko darasa la sita. Ada ya shule za serikali kuanzia msingi hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu 2022. Usitumbukize mkupuo kwenye shule ya binafsi ya gharama kubwa halafu ukaishiwa mlangoni mwa chuo. Nimeona familia zilizofanya hivyo. Mtoto anavaa sare nzuri miaka sita, mwisho anakosa ada ya shahada ambayo kwa mwaka ni ndogo kuliko aliyokuwa analipiwa sekondari.

Shahada nyingi katika vyuo vikuu vya umma ada yake ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Tuchukue milioni 1.3. Chakula na malazi kwa shilingi 10,000 kwa siku, siku 240 za masomo, ni milioni 2.4. Weka laki tatu za vitabu, bima ya afya na mafunzo kwa vitendo. Jumla ni milioni 4 kwa mwaka, milioni 12 kwa miaka mitatu. Hiyo ni kwa mtoto mmoja asiyepata mkopo hata senti. Zidisha kwa watatu, utapata milioni 36, halafu ongeza kidogo kwa sababu bei hupanda.

Baba wengi wakifika hapa hushusha pumzi. Lakini heri kushusha pumzi mezani kuliko kwenye kaunta ya chuo siku ya usajili. Tena milioni 36 hazihitajiki siku moja. Zinahitajika vipande vipande kwa zaidi ya miaka kumi, na humo ndimo mna nafuu.

Mkopo uwe mlango wa kwanza

Usilipe kwa mfuko wako kile ambacho Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ingekulipia. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Ukiwa mzazi mstaafu mwenye pensheni ndogo, mwanao ana haki ya kuomba kama mtoto wa mkulima au wa mama lishe. Wako wastaafu wanaodhani kwamba kwa kuwa walikuwa waajiriwa wa serikali, maombi ya mtoto yatatupwa. Waache wanaochambua maombi wafanye kazi yao. Wewe peleka nyaraka.

Mwombaji asizidi umri wa miaka 35, awe amedahiliwa katika chuo kinachotambuliwa, na asiwe amemaliza kidato cha sita au stashahada zamani sana. Atahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko, mdhamini mwenye kitambulisho, na sahihi na mihuri mahali pake, kuanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kutoka kwenye benchi ya steshenari naweza kusema hivi: maombi mengi hukwama kwa mambo madogo. Jina la cheti cha kuzaliwa linatofautiana na la cheti cha kidato cha nne. Fomu imepigwa muhuri lakini ukurasa mmoja haukupandishwa mtandaoni. Namba ya mtihani imekosewa tarakimu moja. Kaeni wawili, mmoja asome, mwingine ahakiki.

Lipo jambo jingine ambalo familia za askari zinalijua kuliko wengine, lakini huwa linazipita: Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Tangu mafunzo kwa mujibu wa sheria yarejeshwe mwaka 2013, vijana wengi wa kidato cha sita huitwa kambini katika miezi ileile ambayo madirisha ya udahili na ya mkopo yanafunguliwa. Kambini mawasiliano ni haba. Kabla hajapanda basi, mwache aache nyumbani nakala za vyeti vyote, picha za pasipoti, namba ya NIDA, neno la siri la akaunti yake ya maombi, na orodha ya kozi anazozitaka kwa mpangilio. Wewe au kaka yake mkamilishe. Kijana anayesubiri kurudi ndipo aanze, hukuta mlango umeshafungwa.

Majibu yakitoka, mkopo unaweza kuwa pungufu. Huenda akapewa fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wenyewe wanaiita bumu, na sehemu tu ya ada. Kama hakupata au amepata kidogo, kata rufaa dirisha la rufaa likifunguliwa, na uambatishe kinachothibitisha hali yako: hati ya kustaafu, karatasi ya pensheni. Usidanganye. Uongo ukigundulika unamharibia mtoto miaka yote.

Mkopo ni deni la mtoto, na mwambie hivyo tangu mwanzo. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa inafanya deni lisiishe, iliondolewa mwaka 2021. Kwa hiyo mzazi asiogope mkopo kama nyoka.

Kuna milango mingine miwili pembeni. Mwanao akiwa miongoni mwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, ulizia ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23. Na kama anakwenda stashahada, tangu 2023/24 Bodi inakopesha pia baadhi ya fani za ngazi hiyo, kama afya, ualimu wa sayansi na usafirishaji.

Mkupuo ulale wapi

Mkopo ukishachukua sehemu yake, pengo linalobaki ndilo la mkupuo. Swali linakuja: fedha ya muhula wa sita ilale wapi wakati bado tuko muhula wa kwanza? Chini ya godoro inaoza. Kwenye akaunti ya kawaida inaliwa na kadi ya benki, maana msiba haukosekani, na shemeji naye hakosi shida.

Kwa fedha ya ada napenda hatifungani za serikali, na nitaeleza kwa nini. Ukinunua hatifungani, unaikopesha serikali kwa miaka fulani, kuanzia miwili hadi ishirini na mitano. Benki Kuu huziuza kwa mnada, na mtu wa kawaida huingia kupitia benki yake au dalali wa soko la hisa anayemfungulia akaunti maalumu. Serikali inakulipa riba mara mbili kwa mwaka, na mwisho wa muda inakurudishia fedha yako yote. Mara mbili kwa mwaka: chuo nacho kina mihula miwili. Kalenda zinakaribiana.

Tuchukue mfano. Umeweka milioni 20 na riba ni asilimia 12 kwa mwaka. Kila mwaka unapata milioni 2.4, yaani milioni 1.2 kila miezi sita. Rudi kwenye hesabu yetu ya juu: milioni 2.4 ni chakula na malazi ya mwanafunzi kwa siku 240. Mkubwa atakula miaka mitatu, na milioni 20 zako bado zipo pale. Wa pili akiingia chuo, riba ileile inamlisha. Wa mwisho naye akifika, bado. Mtaji mmoja unawavusha watoto watatu, mmoja baada ya mwingine, na siku hatifungani ikiiva unaichukua kwa uzee wako.

Mambo mawili uyashike. Riba halisi hutegemea mnada na muda uliouchagua, kwa hiyo uliza siku unayonunua, usitumie mfano wangu kama ahadi. Na ukihitaji fedha kabla hatifungani haijaiva, itabidi uiuze sokoni kwa bei ya siku hiyo, ambayo yaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Kwa sababu hiyo fedha ya ada ya mwaka huu na mwakani usiiweke huko. Hiyo iweke mahali unapoweza kuitoa kwa siku chache, kama mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS. Kampuni hiyo ya umma ina pia mfuko wa watoto kwa wazazi wanaotaka kujiwekea akiba kidogo kidogo, na huo unamfaa sana askari ambaye bado yuko kazini na amebakiza miaka minane au kumi. Anayeanza mapema anatembea. Anayeanza siku ya kustaafu anakimbia.

Watakaokuja kubisha hodi

Mkupuo unanukia. Ukiingia leo, kesho kuna mtu mlangoni, na sura zake nazifahamu.

Kuna kishoka anayepiga simu akijifanya ametoka Hazina: mafao yako yamekwama, tuma laki mbili ya kuyasukuma. Hazina haidai rushwa kwa simu. Kata, halafu nenda ofisini mwenyewe.

Kuna wa upatu, anayekuahidi kukuzidishia fedha mara mbili kwa miezi michache. Waliokuwepo mwaka 2009 wanakumbuka DECI ilivyofungwa na serikali, na foleni za watu waliobaki na stakabadhi mkononi. Jina hubadilika kila miaka michache, hesabu ni ileile.

Kuna wakopeshaji wa kausha damu wanaokutaka uwaachie kadi ya benki na namba ya siri ili wajikatie pensheni mwisho wa mwezi. Ukishawapa kadi, pensheni si yako tena. Kama ni lazima kukopa, kopa kwa taasisi yenye leseni ya Benki Kuu, kwa mkataba ulioandikwa na ambao mkeo ameusoma.

Na kuna ndugu wa kweli mwenye shida ya kweli. Huyu ndiye mgumu kuliko wote. Ushauri wangu ni kufanya kikao cha familia kabla fedha haijaingia. Mama watoto awepo, na watoto wakubwa wawepo. Andikeni ada ya kila mmoja kwenye daftari, na mweke sahihi. Kisha tengeni fungu dogo la msaada wa ndugu. Likiisha, limeisha. Atakayekuja baadaye mwonyeshe daftari. Ni rahisi kusema "hii ni ada ya Neema" kuliko kusema "sina" wakati kila mtu anajua unazo.

Hayo yote hayamkatazi mtu kufungua biashara. Ukishafunga hesabu ya ada, chukua fremu yako kwa amani. Onana na mwenye nyumba mwenyewe, ona hati yake, mkataba uandikwe mbele ya wakili, na kila malipo yawe na risiti.

Na wewe mwenyewe, afande?

Askari wengi hustaafu wakiwa bado na nguvu. Baadhi yao huniuliza kwa sauti ya chini, kama wanaona haya, "Na mimi naweza kusoma?" Unaweza, na hakuna haya.

Mkopo wa Bodi utakuwa umekupita kwa umri, lakini masomo hayajakupita. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliundwa kwa ajili ya watu wenye familia na kazi. Unasoma kwa kasi yako na kulipa kadiri unavyosajili masomo, na hapo pensheni ya mwezi inatosha kubeba mzigo. Kutoka Gerezani unafika kwa miguu chuo cha biashara cha CBE, kilichoanza mwaka 1965, na cha usimamizi wa fedha cha IFM, kilichoanza 1972, na vyuo hivi vina masomo ya jioni. DIT nayo iko hapohapo, pale ilipokuwa taasisi ya ufundi tangu 1957.

Kama una kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne, hata kwa alama D, bila kuhesabu masomo ya dini, unaweza kuanza astashahada, ukapanda stashahada, kisha shahada. Ngazi hazirukwi, lakini ziko wazi. Kama cheti kilipotea kwenye uhamisho wa vikosi, anza leo: taarifa ya polisi, tangazo gazetini, kisha Baraza la Mitihani.

Na kama darasa uliliacha mapema lakini mikono yako inajua kazi, yaani ulikuwa fundi wa magari, mpishi, fundi umeme au mwashi jeshini, nenda VETA uulize urasimishaji wa ujuzi. Unapimwa kwa unachokiweza, unajaziwa kinachopungua, unapewa cheti. Hapa mtaani kwetu wapo mafundi waliogonga chuma miaka ishirini bila karatasi, na walipoipata karatasi ndipo walipoweza kuomba zabuni. Ujuzi wa jeshini ni elimu uliyokwisha kuilipia kwa jasho. Mwache mtu aiandike.

Kama gwanda ni la Marekani

Familia nyingi za Kariakoo zina mtu ughaibuni, na baadhi wamevaa gwanda la Marekani. Mwishoni mwa 2008 jeshi la huko lilifungua mpango wa kuwaandikisha wageni wenye lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwamo. Mpango huo umefungwa, lakini waliopita humo, na Watanzania wengine waliojiunga kwa njia ya kawaida, wana haki ya masomo ambayo baadhi yao hawajaigusa.

Kwa aliyetumikia tangu Septemba 11, 2001, sheria ya mwaka 2008 inampa miezi 36 ya masomo, ambayo ni kama miaka minne ya chuo. Siku 90 za utumishi zinatosha kuanza kupata sehemu, na miezi 36 ya utumishi inampa yote: ada ya chuo cha umma, posho ya nyumba, na fedha ya vitabu. Aliyetoka jeshini tangu Januari 1, 2013, haki hiyo haina tarehe ya mwisho. Inaweza pia kutumika nje ya Marekani, mradi chuo kimeidhinishwa na idara yao ya wastaafu wa jeshi. Aulize kuhusu chuo na kozi yenyewe kabla ya kulipa chochote.

Anaweza kumhamishia mke au mtoto, lakini afanye hivyo akiwa bado jeshini, baada ya kutumikia miaka sita na kukubali minne zaidi. Akishavua gwanda, mlango wa kuhamisha umefungwa. Na hamhamishii mpwa, mdogo wake wala mama yake. Kwa hiyo, shangazi, usimlaumu kijana ukisikia haki ile haikumfikia mwanao. Sheria yao inahesabu ukoo kwa udogo kuliko sisi.

Askari akifariki

Hili ni gumu kuliandika, lakini lisipoandikwa watoto wanaumia. Askari au mstaafu akifariki, mafao hayatoki kwa kilio. Yanatoka kwa karatasi: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, ambayo kwa wengi wetu ni Mahakama ya Mwanzo. Msichelewe mkigombana nani awe msimamizi. Kila muhula unaopita ni muhula wa mtoto. Cheti hichohicho cha kifo, kikihakikiwa na RITA, kinampa yatima kipaumbele kwenye mkopo.

Afande uliye hai, mfanyie mkeo wema huu: mwonyeshe bahasha ilipo. Namba yako ya jeshi, hati ya utumishi, kitambulisho cha mstaafu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi za hatifungani. Vyote mahali pamoja.

Yule baba niliyeanza naye alirudi dukani mwaka uliofuata. Binti yake alikuwa amepata bumu na sehemu ya ada. Mzee alikuja na kontroo namba ya kiasi kilichobaki, akalipa kwa simu palepale kwenye benchi kutoka fungu alilolitenga, na kuniomba nimtolee risiti. Nikaichapa. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja mara mbili, akafungua ile nailoni, na kuiweka ndani pamoja na hati yake ya miaka ishirini na minne.